Nenda Ukanisikilizie

Leeds, 12 Oktoba 2024

Baba yangu,

Nimekwenda. Nalitanguliza hilo usije ukaanza kugeuza karatasi kulitafuta. Mwambie ndugu yangu Hisham akuchapishie barua hii kwa herufi kubwa, asifanye uvivu wake.

Tangu masikio yako yazibe umekuwa ukiniambia, siku muziki wa Thornley wako ukipigwa karibu nami, "nenda ukanisikilizie." Basi jana ulipigwa. Ukumbi nusu ulikuwa mtupu, nje mvua, na waliokuja wengi ni wazee wenye makoti yaliyolowa. Walipoanza ile Simanzi yake nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu mpaka vidole vikaniuma.

Mlangoni walitupa kijitabu, na humo nimesoma jambo ambalo hukuwahi kuniambia, labda hukulijua. Thornley alikuwa karani wa jeshi huko Ufaransa, katika vita vya kwanza. Kijana akifa, yeye ndiye aliyewaandikia wazazi: mwanenu hakuteseka, alikwenda mara moja. Aliwaandikia wote hivyo hivyo, hata wazazi wa wale waliokufa wakilia kwenye seng'enge mpaka asubuhi. Vita vilipokwisha akaandika muziki huu.

Sasa usikie, Baba. Ule wimbo unaoupenda unaanzwa na selo, chini chini, kisha wanapokezana: fidla, zumari, pembe. Haubadiliki hata kidogo. Nilipokuwa mdogo, ukiweka kanda lake pale sebuleni, nikidhani mtungaji kaishiwa. Jana nimefahamu kuwa ni ile sentensi yake. Mwanenu hakuteseka, mwanenu hakuteseka, kwa adabu kabisa, na chini yake mabesi yanasema mambo mengine. Halafu tarumbeta zikaingia na ile adabu yote ikavunjika. Nililia, na bibi wa kiti cha jirani akanipa kitambaa.

Uliniambia pale mwisho, klarineti inapobaki peke yake, nimtazame mpigaji mabega. Nimemtazama. Alipumua kabla ya sauti ya mwisho, mabega yalipanda.

Mama kaniambia tezi lake la shingo litakatwa mwisho wa mwezi huu. Anasema kama anayekwenda kukata kucha. Yeye hunificha mambo, kwa hiyo niambie weye ukweli. Mie nasoma. Mitihani ni Januari, na nikianguka ufadhili unakatika, kwa hiyo sianguki.

Mwanao,
Shahad


Mabela, 19 Oktoba 2024

Shahad mwanangu,

Kapumua! Basi huyo si fundi, wangalimrudishia nauli yake. Mkuu wetu wa bendi, Mwingereza mmoja mfupi mwenye hasira, alitufundisha Simanzi ile kambini kule kusini, vita vya Dhofar vimepamba moto. Tulikuwa vijana tuliotoka Unguja na wenyeji wa pwani ya Batina, nusu yetu hata nota hatuzijui. Alikuwa akisema, pale mwisho ukipumua umemwamsha maiti. Mie na klarineti yangu nilikuwa naingia na pumzi yangu yote tangu mbali, natoka macho yamenitoka. Sikupumua hata mara moja.

Hilo la ukarani sikulijua. Mkuu hakutwambia. Tulizika wenzetu kule, tukaipiga Simanzi, kisha tukala wali, na sikuwahi kujiuliza nani anawaandikia mama zao na anawaandikia nini. Umenipa kitu cha kufikiri, na mie nilidhani muziki ule nnaujua wote.

Umenieleza vizuri. Niliposoma pale tarumbeta zinapoingia nilizisikia kifuani, wallahi. Nenda tena wakipiga.

Tezi la mama yako si kubwa, daktari katuchorea. Khofu ninayo, sikufichi, lakini ni ya kawaida. Anasoma begani kwangu na anataka kalamu.

*Weye kichwa maji, mvua ya huko na muziki wa maiti wa baba yako, utapata kikohozi. Mie kanda lile nikiliita la matanga tangu hujazaliwa. Kula. Usinitungie misiba, tezi hili halinishindi. Mama yako, Wadha.*

Umemsikia.

Baba yako,
Mahfoudh


Sidab, 3 Novemba 2024

Kaka Mahfoudh,

Simu huisikii, na jana mbele za watu sikuweza kukupigia ukelele jambo hili, ndiyo nnakuandikia.

Matanga tumeyamaliza, watu wamesoma, wamekula, wamekwenda zao. Wifi yangu Mungu amrehemu. Wenye kusema moyo ulisimama juu ya meza ya operesheni waache waseme, siku yake ilikuwa imefika. Sasa tumtazame aliye hai.

Shahad asijue mpaka amalize mitihani. Mie na Hisham tumekubaliana, na weye ulikuwa umekaa tu unatazama mkeka, sikutaka kukusumbua. Akijua atapanda ndege siku hiyo hiyo, mitihani itampita, ufadhili utakwenda. Wadha alilia kwa furaha siku mtoto alipoupata, unakumbuka. Tusimpotezee.

Simu ya Wadha ninayo mie. Nimeshamwandikia mtoto kwa jina la mama yake kuwa operesheni imekwenda salama, ila daktari kamkataza mama kusema hata neno mpaka koo lipone, kwa hiyo asipige, aandike tu. Weye ukiandika sema hivyo hivyo na usiongeze kitu. Kuongopa hujui.

Na usinambie ni dhambi. Baba alipokufa Unguja, sisi tuko huku na weye uko vitani, tulikuficha mpaka uliporudi. Hukufa kwa hilo. Ungalijua ungalikwenda kusimama mbele ya risasi.

Dada yako,
Masouda


Mabela, 8 Novemba 2024

Shahad mwanangu,

Mama yako anaendelea. Hasemi, daktari kamkataza, mwenyewe keshakuandikia. Usipige simu.

Hapa hali ya hewa imepoa kidogo. Hisham anakuja kila Ijumaa. Shangazi yako Masouda analeta chakula kutoka Sidab, kingi kuliko tunavyoweza kula.

Ule muziki nnaufikiri kila siku. Nnafikiri juu ya yule karani, anapochovya kalamu. Nilikuwa nimemwona mbaya, sasa simwoni mbaya. Pengine alijaribu kuandika kweli, mkono ukakataa.

Soma. Mama anakusalimia.

Baba yako,
Mahfoudh


Leeds, 24 Novemba 2024

Baba yangu,

Nimepata barua yako, fupi kama ya serikali. Nashukuru kuwa Mama anaendelea. Ananiandikia kila asubuhi, anaweka nukta na herufi kubwa, na siku hizi haniiti hata kichwa maji. Ugonjwa umemfunza adabu.

Nimepata kitabu kingine maktaba kuhusu Thornley, na nataka nikusimulie.

Alikuwa na ndugu yake mkubwa aliyebaki nyumbani, mgonjwa wa kifua. Ndugu huyo akafa, Thornley yuko Ufaransa. Mama yao akaona kijana akijua atakata tamaa, atajitupa mbele ya risasi. Basi akawa anamwandikia kama kawaida: ndugu yako mzima, ndugu yako anakusalimia. Mpaka vita vikamalizika. Alikuja kujua siku aliyorudi, amesimama mlangoni na begi lake mkononi, anauliza ndugu yangu yuko wapi. Kitabu kinasema hakumlaumu mama yake kwa neno hata moja, lakini hakukaa naye tena meza moja mpaka alipokufa. Na Simanzi aliiandika mwaka ule.

Fikiria, Baba. Yeye kule anawaandikia wazazi wa watu uongo wa huruma, na nyumbani mama yake anamwandikia yeye uongo ule ule. Tangu nisome hayo siwezi tena kuusikiliza wimbo ule wa selo.

Ungekuwa weye Thornley ungesemaje? Na ungekuwa mama yake ungefanyaje? Nijibu hilo, Baba, nakuomba sana. Mengine yote acha, nijibu hilo tu.

Mwanao,
Shahad


Mabela, 1 Desemba 2024

Masouda,

Hisham kaniletea barua ya Shahad, nnakutumia uisome. Huyo Mwingereza kafanywa kama nilivyofanywa mie, mpaka ule mlango.

Unasema sikufa. Kweli sikufa, lakini hujaniuliza hata siku moja nilikuwaje. Nilishuka garini kutoka kusini, nimewanunulia ubani, nacheka. Mkanikalisha, mkanipa kahawa, ndipo Mama akasema. Nyote mlikuwa mmeshamaliza kulia. Mlinitazama nikilia peke yangu kama mtu aliyechelewa karamuni, kisha mtu mmoja akauliza chakula kiko tayari au bado. Jambo hilo sijawahi kulisema kwa mtu isipokuwa marehemu mke wangu, na Shahad nilimsimulia nusu yake.

Ananiuliza ningesemaje. Kalamu nnaishika, siwezi. Nataka kumwambia.

Mahfoudh


Sidab, 2 Desemba 2024

Kaka Mahfoudh,

Usithubutu. Umeshavumilia mwezi, Januari si mbali. Uchungu wako wa zamani ni wako, usimtwike mtoto kwa sababu ya Mwingereza aliyekwisha kufa.

Unadhani mie nnafurahi? Kila asubuhi naifungua simu ya wifi yangu, naiona picha yake na lile shela la zambarau, kisha najifanya yeye. Namwandikia mtoto nimekula, nimelala vizuri. Jana kaniandikia, "Mama nakupenda," na sikujua nijibu kama nani. Nimejibu, "Soma."

Tumeshaingia, Kaka. Tutatokea upande wa pili au tutazama hapa katikati, na mie sitaki kuzama.

Masouda


Mabela, 5 Desemba 2024

Shahad mwanangu,

Umeniuliza ningesemaje. Ningesema mama yake alimpenda. Alikosea pengine, lakini alimpenda, na aliyekuwa mbali hawezi kujua nyumbani kulikuwa na khofu gani. Hilo ndilo jibu langu. Usiniulize la pili.

Kitabu hicho usikisome tena mpaka mitihani iishe. Muziki nao uache. Kula, lala, soma.

Mama anakusalimia.

Baba yako,
Mahfoudh


Leeds, 25 Januari 2025

Baba,

Mitihani imekwisha. Imekwenda vizuri. Mwambie Mama.

Shahad


Mabela, 27 Januari 2025

Shahad mwanangu,

Alhamdulillahi kwa mitihani. Sasa kaa kitako, na kama kuna mwenzako wa kukushika mkono mwite, usome naye.

Mama yako amefariki, mwanangu. Amefariki siku ile ile ya operesheni, tarehe ishirini na tisa Oktoba. Alikwenda kwa miguu yake, anagombana na muuguzi juu ya bangili zake, hataki kuvua. Kisha wakatoka wakatuita. Kesho yake asubuhi tulimzika. Hisham na mie tulishuka kaburini. Uso wake ulikuwa umetulia.

Tulikuficha. Shangazi yako alianza lakini mie ndiye baba, na mie ndiye niliyeandika "Mama anakusalimia" kwa mkono wangu mwenyewe, mara mbili, na yeye yuko chini ya ardhi. Uliponiuliza juu ya Thornley nilikesha na barua yako. Nilikuwa na jibu na sikuwa na moyo. Ningesema hivi: nilichukia, na sikuwaambia. Nilifanywa hivyo, nikajua unavyouma, kisha nikakufanyia weye.

Niseme tulifanya kwa ajili ya mitihani yako? Tulifanya kwa ajili hiyo. Umefaulu, na hilo ndilo pekee linalonifariji, kuwa kazi hii mbaya imezaa kitu. Mama yako angalifurahi.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza niandikie vilevile.

Baba yako,
Mahfoudh


Leeds, 2 Februari 2025

Baba,

Nilijua.

Nilijua siku ile ile mliyomzika. Raghad, yule wa nyumba ya pili hapo Mabela, aliniandikia pole jioni yake. Nafikiri wakamwambia kuwa nafichwa, akaufuta ujumbe, lakini nilishausoma. Nilitia nguo begini, nikapanda treni mpaka uwanja wa ndege wa Manchester. Nimekaa pale nangoja kukata tiketi, simu ikalia. Jina la Mama, picha ya Mama. "Operesheni imekwenda salama mwanangu. Soma." Nilijua ni Shangazi, kwa sababu Mama hajaniita mwanangu kwa maandishi hata siku moja. Lakini jina lilikuwa lake, Baba. Nilikaa pale na begi langu nikaona nimefungiwa mlango. Nyumbani wamekaa wote wamekubaliana nisije. Nikarudi chumbani.

Nikamjibu. Nikawa namjibu kila asubuhi. Nilikuwa naogopa nikinyamaza jina lile halitatokea tena kwenye simu yangu.

Thornley hakuwa na ndugu mgonjwa. Hakuna kitabu. Kijitabu cha ukumbini na habari za ukarani ni kweli, mengine niliyatunga, na sikutunga mbali: ile ni khabari yako na babu, uliyonisimulia mwenyewe. Nilimtia ndugu mahali pa babu, na mama mahali pa shangazi. Nilidhani ukijiona mle utashindwa kuendelea. Nilikuomba unijibu hilo tu. Ukaniandikia kuwa mama yake alimpenda.

Na mitihani sikufanya. Hata mmoja. Siku ya kwanza nilifika mpaka mlangoni, wenzangu wakaingia, mie nikakaa nje kwenye baridi mpaka walipotoka. Niliwaandikia imekwenda vizuri kwa sababu mlitaka kitu na sikuwa na kingine cha kuwapa. Ufadhili umekatwa. Chumba natoka mwisho wa mwezi huu.

Sikulaumu kwa kunificha kama unavyodhani. Lakini weye ulikaa mkekani, watu wakaja, wakakushika mkono, wakakusomea, wakakupikia. Hisham alishuka kaburini. Shangazi alilia mbele ya watu mpaka sauti ikamkauka, nina hakika, namjua. Mie niliosha uso kila asubuhi nikaenda darasani. Hakuna mtu mmoja aliyenipa pole, Baba, maana kwenu nyinyi mie sikufiwa.

Sijui nije au nisije. Nikija nitakuja kufanya nini? Kila mtu keshamaliza.

Shahad


Mabela, 7 Februari 2025

Shahad,

Pole, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama yako. Neno hili nilipaswa kukuandikia kabla ya mengine yote, na limechelewa miezi mitatu.

Mitihani usiitaje tena. Mie sitaitaja.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nimesimama msikitini. Watu walidhani nataka kutangaza ndoa. Nimesema, nadhani kwa sauti kubwa mno kwa sababu mwenyewe sijisikii: binti yangu Shahad amefiwa na mama yake, khabari imemfika sasa, matanga yake ni kwangu kuanzia Alhamisi, mwenye nafasi aje ampe pole. Hisham alinitazama kama nimepata wazimu. Sheikh akanishika bega, akaandika kwenye simu yake akanionyesha: siku tatu za matanga zimepita, lakini kwa aliyekuwa mbali asiyeambiwa, hakuna ubaya.

Shangazi yako kaja mbio kutoka Sidab. Kagomba sana, naona mdomo tu unakwenda. Kaandika kwenye karatasi, watu watatucheka, mtu hazikwi mara mbili. Nimempa barua yako. Kaisoma wima, kisha kakaa chini palepale jikoni akalia, na nilimwacha alie. Baadaye kauliza mchele tupike kiasi gani.

Tiketi Hisham anakutumia leo. Ukitaka, itumie. Hutaki, iache, sitakuandikia kukusihi.

Mikeka nimeitandika mwenyewe, wa wanawake ndani, wa wanaume uani. Ukija utakaa mahali pa mwenye kufiwa, na sisi wengine tutakaa pembeni kama jamaa. Usipokuja nitakaa mie mahali pako. Kila atakayenipa mkono nitamwambia, huu si wangu, ni wa Shahad, nampokelea.

Baba yako,
Mahfoudh